Dondoo muhimu: Baiskeli na mapigo ya moyo msimu wa baridi

Juni hadi Agosti, mtaa wa Mwiki, Nairobi, ukiwa na baridi na mawingu, jenga pumzi polepole.

1. Toa umri wako kwenye 220, uendeshe mapigo yakiwa asilimia 60 hadi 70 ya jibu. Mwenye miaka 30: mapigo 114 hadi 133 kwa dakika (makadirio tu).
2. Huna saa ya mapigo? Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha.
3. Weka gia nyepesi kabla ya mlima.
4. Usishindane na bodaboda! Hapo ndipo wengi huharibu zoezi zima.
5. Mapigo ya asubuhi kitandani yakizidi kawaida kwa 10, pumzika.
6. Kunywa maji hata bila kiu.
7. Barabara ya Eastern Bypass alfajiri: taa mbele na nyuma, ama ngoja kupambazuke.