Mfuniko wa Tangi la Lori: Mnunuzi Aangalie Nini

Mwenye lori moja linalobeba mzigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma huwa mkali kwenye bei ya matairi na riba ya mkopo. Akifika kwenye mfuniko wa tangi la dizeli, huchukua wowote anaopewa dukani. Mara nyingi hurudi na kitu kinachong'aa chenye funguo mbili, ambacho baada ya mwezi ama kimevunjwa, ama kinalizimisha lori mlimani. Ni kifaa kidogo, lakini chini yake kuna fedha nyingi kuliko zilizomo kwenye droo ya ofisi yake.

Tuchukue mfano. Lori lenye mzigo likila lita 45 kwa kila kilomita 100, safari ya kwenda Tunduma, ambayo inapita kilomita 900, humaliza zaidi ya lita 400. Dumu moja la lita 20 likipotea katika safari nzima ya kwenda na kurudi, hakuna atakayeligundua kwa macho. Kwa bei ya mfano ya sh. 3,000 kwa lita, dumu hilo ni sh. 60,000. Safari mbili kwa mwezi ni sh. 120,000, na kwa mwaka ni sh. 1,440,000. Msomaji aweke bei ya sasa mahali pa hiyo ya mfano. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi.

Mfuniko wenye kufuli ukigharimu, tuseme, sh. 150,000 pamoja na ufundi, utaonekana kurudisha fedha katika safari ya tatu. Hesabu hiyo ni tamu kupita kiasi. Mwenye busara akadirie kwamba utazuia nusu tu ya upotevu, na hivyo utajilipa katika safari ya tano. Sababu ni kwamba mdomo wa juu siyo njia pekee ya mafuta kutoka. Chini ya tangi kuna nati ya kumwagia. Aidha, kuna bomba linalopeleka mafuta kwenye injini na jingine linalorudisha ya ziada tangini. Kila moja likifunguliwa, dizeli inatoka bila mtu kugusa mfuniko. Anayeuza kufuli dukani hana haja ya kulitaja hilo.

Jambo linalowaponza wengi zaidi ni pumzi. Kadiri injini inavyovuta dizeli, hewa lazima iingie tangini kuchukua nafasi yake. Baadhi ya matangi yana tundu la hewa pembeni, mengine hupumua kupitia mfuniko wenyewe. Mtu akiondoa mfuniko unaopumua na kuweka uliozibwa kabisa, tangi hubanwa kwa ndani na lori huanza kukosa nguvu, hasa kwenye mlima kama Kitonga ambako injini inahitaji mafuta mengi. Fundi atabadilisha chujio, kisha atalaumu pampu, na bili itapanda. Dalili ni rahisi: mfuniko ukifunguliwa hewa huingia kwa mlio, na baada ya hapo lori linakwenda vizuri kwa muda. Kabla ya kununua, mwenye lori amuulize fundi tangi lake linapumulia wapi.

Kuhusu ukubwa, asiende Gerezani na jina la lori peke yake. Lori la aina moja linaweza kuwa na tangi lililobadilishwa mara mbili kabla halijamfikia yeye. Shingo za milimita 60 na 80 ni za kawaida kwenye malori ya Ulaya, lakini zipo nyingine. Dawa ni kwenda na mfuniko wa zamani mkononi. Akiwa hapo hapo, achukue ufunguo wa mfuniko mmoja ajaribu kufungua mwingine wa katoni hiyo hiyo. Ukifungua, biashara iishie hapo. Kitundu cha ufunguo nacho kiwe na kizibo, kwani vumbi huua kufuli upesi, na maji yakipenya hadi kwenye dizeli huharibu nozeli ambazo bei yake haina mzaha.

Wapo wanaopendelea kichujio cha kuingizwa shingoni ili mpira wa kunyonyea usipite. Ni kifaa kizuri, ila hupunguza kasi ya kujaza na dizeli huweza kutoa povu, tangi likaonekana limejaa kumbe bado.

Wengine huamua kutengenezewa mlango wa chuma juu ya mfuniko, wenye sehemu ya kuweka kufuli la kawaida. Ni wazo linalofaa, tena kufuli likiharibika hubadilishwa bila kugusa mfuniko. Hatari iko kwenye kuchomelea. Tangi lililowahi kuwa na dizeli, hata likiwa tupu, lina mvuke ndani, na tangi tupu linaweza kulipuka kwa cheche. Mlango wa namna hiyo ushikiliwe na mkanda wa chuma unaozunguka tangi na kukazwa kwa boliti. Fundi anayesema atachomelea haraka haraka bila kulishusha tangi na kulisafisha aachwe na kazi yake.

Baada ya yote hayo linabaki swali la ufunguo. Dereva akikaa nao, kufuli linamzuia mgeni wa usiku kwenye maegesho tu. Tajiri akikaa nao, lori haliwezi kujazwa njiani. Njia inayotumika ni kumwachia dereva ufunguo, kisha kuweka lakiri yenye namba kwenye mfuniko na kwenye nati ya chini. Kila inapokatwa kwa kujaza mafuta, namba ya zamani na mpya huandikwa kwenye karatasi ya safari pamoja na risiti ya kituo.

Mafuta yenyewe yapimwe kwa kujaza hadi shingoni wakati wa kuondoka na tena wakati wa kurudi, kituo kile kile, lori likiwa mahali tambarare. Hapa pia haki itendeke. Dizeli hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi: lita 400 zikipoa kwa nyuzi 10 hupungua takriban lita 3, kwa hiyo dereva aliyelala Makambako asiulizwe lita tatu asubuhi. Lita 20 aulizwe.

Mwenye fedha za kitu kimoja tu mwezi huu aanze na mfuniko unaopumua na kukaa sawasawa shingoni, na lakiri mbili. Mlango wa chuma unaweza kusubiri malipo ya mzigo unaofuata.