Mtoto Asiyetulia: Moyo Upimwe Kabla ya Dawa

Wapo watoto wasiotulia kabisa. Unamtuma kupalilia pamba, anaacha mstari katikati. Darasani hakai. Tusiseme amerogwa, wala tusimchape. Huenda ubongo wake ndio unaoshindwa kutulia.

Dawa zipo, lakini zinagusa moyo. Methilfenidati huongeza mapigo ya moyo na huweza kupandisha presha. Klonidini na guanfasini hushusha presha. Lakini ukiziacha ghafla, presha inaweza kupanda sana. Kwa hiyo tusinunue dawa hizi kiholela.

Tumpeleke mtoto hospitali, hapa Bariadi au Bugando, Mwanza, akipewa rufaa. Tumweleze daktari: je, mtoto huzimia akikimbia? Katika ukoo yupo aliyekufa ghafla akiwa kijana? Mtoto apimwe presha na mapigo kabla ya dawa, na tena akishaanza.

Mtoto wa chini ya miaka 6 husaidiwa kwanza bila dawa. Tumpe kazi moja moja. Akimaliza, tumsifu.

Maswali
1. Dawa ipi huweza kupandisha presha?
2. Kwa nini klonidini haiachwi ghafla?
3. Tumweleze daktari mambo gani?