Barabara ya moto pekee haitoshi

Swali: Kijiji chetu kinapakana na msitu. Tumefyeka barabara ya kuzuia moto. Je, nyumba zetu zitasalimika kiangazi hiki?

Jibu: Barabara hiyo huzuia moto unaotambaa kwenye nyasi, si cheche zinazopeperushwa na upepo. Mwaka 2018, katika mji wa Paradise, California, moto ulioua watu 85 uliteketeza nyumba huku miti mingi ya jirani ikibaki mibichi: cheche zilizitangulia ndimi za moto. Utasema paa lako ni la bati. Bati haliwaki, lakini kuni zilizoegemezwa ukutani huwaka, na nyumba moja ikishika moto huhatarisha ya jirani. Basi kila kaya isafishe mita 1.5 kuizunguka nyumba, izibe mianya ya paa na kuhamisha kuni. Fanyeni hivyo sasa, kabla nyasi hazijakauka.