Minyoo Wakaao Ndani ya Damu

Minyoo wengi hukaa tumboni, na kila mtoto anawajua. Lakini wako wengine wakaao ndani ya mishipa ya damu. Hao ni minyoo wa kichocho. Mganga Theodor Bilharz aliwaona mwaka 1851, alipopasua maiti mjini Cairo.

Kichocho cha tumbo kipo katika bonde la Ruzizi, karibu na Uvira. Mtu hukipata namna gani? Mgonjwa akienda haja kubwa kando ya maji, mayai ya minyoo huingia majini. Humo huanguliwa, na vijidudu vyake hutafuta konokono wadogo, wakaao penye matete na katika mifereji ya maji yaliyotulia. Ndani ya konokono huongezeka, hata kuwa maelfu. Kisha hutoka, na mtoto akioga au akifua hapo, hupenya ngozi yake, ingawa haina kidonda.

Mnyoo mzima ana urefu wa sentimita moja hivi. Dume humkumbatia jike, nao hukaa pamoja miaka mingi katika mishipa ya matumbo. Kila siku jike hutaga mayai yenye mwiba ubavuni. Mengine hutoka na mavi. Mengine huchukuliwa na damu mpaka ini, yakakwama humo. Ini huwa gumu, bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na pengine mgonjwa hutapika damu. Mara chache mayai hufika hata uti wa mgongo, na miguu hupooza.

Wako watu waonao tumbo hilo wakasema, “Amelogwa! Jirani amempa sumu.” Hivyo mzee asiye na kosa huchukiwa bure, na mgonjwa hukosa dawa. Lakini mganga akitazama mavi ya mgonjwa kwa hadubini, huweza kuyaona mayai yenyewe.

Dawa ni vidonge vya prazikwanteli. Shuleni mtoto hupimwa urefu, ijulikane ameze vingapi. Dawa huua minyoo, lakini haimkingi mtoto arudiye kuoga penye konokono. Basi kinga ya kijiji ni choo: mayai yasipofika majini, konokono hawana la kumpa mtu.

MASWALI
1. Minyoo wa kichocho hukaa wapi?
2. Kwa nini ini huugua, nao minyoo hukaa penye matumbo?
3. Utamjibu nini mtu asemaye, “Amelogwa”?