Nenda Kawaone Wakipiga

Wadogo zangu, swali la safari hii limetoka kwa mdogo wangu mmoja aliyeko Grand Rapids, Michigan. Ana miaka 19, amezaliwa Uvira, Kongo, amekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu huko Kigoma, Tanzania, na sasa anafanya kazi ghalani huku akisoma jioni. Kazini kuna kijana anayepiga gitaa kwenye bendi ya roki ya gereji, na kila mwezi anamwalika aende kuwasikiliza kwenye klabu ya mtaani. Yeye moyo unataka, miguu inagoma. Anauliza: Dada, ule si muziki wa Wazungu? Nitasimama wapi? Na mama nitamwambia nini?

Nenda. Jibu langu ni hilo, na nalitoa kwa moyo wote. Sasa vuta kiti nikueleze kwa nini, na uende vipi.

Hili la muziki wa Wazungu tulimalize kwanza, maana ndilo linalowazuia wengi. Roki ya gereji ilishika kasi Marekani miaka ya 1960, vijana wa mitaani walipokuwa wakikusanyika kwenye mabanda ya magari ya wazazi wao na gitaa za bei nafuu, wakipiga kwa nguvu kile kidogo walichokijua. Wimbo ambao karibu kila bendi ya namna hiyo ilijifunzia ni Louie Louie. Wengi wanaujua kwa sauti ya The Kingsmen, walioupiga Portland, Oregon, mwaka 1963, wakaimba kwa kubwatuka hivi kwamba FBI ilichunguza kama kuna matusi ndani yake, na mwisho ikakiri kwamba maneno hayasikiki. Lakini mtunzi wake, aliyeutoa mwaka 1957, ni Richard Berry, mwanamuziki Mweusi wa Los Angeles. Kwa hiyo huo wimbo wa gereji kuliko zote una baba Mweusi.

Tena wewe uko Michigan, ambako hoja hiyo ndiyo haina pa kusimama kabisa. Mwaka 1966 wimbo 96 Tears wa bendi iliyojiita ? and the Mysterians ulishika namba moja Marekani nzima. Wale vijana walikuwa watoto wa familia zenye asili ya Meksiko, zilizofika Michigan kutafuta vibarua vya mashambani. Watoto wa wahamiaji, mdogo wangu, kwenye jimbo hilo hilo ulipo. Detroit nako, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndugu watatu Weusi wa ukoo wa Hackney walipiga roki ya kasi chini ya jina Death. Walitakiwa wabadili jina ndipo wapewe mkataba mkubwa, na David, mkubwa wao katika muziki, akakataa katakata. Nyimbo zao zilikaa miaka zaidi ya 30 kabla hazijatolewa kama albamu mwaka 2009, David akiwa ameshafariki. Mimi kila nikiisikiliza albamu ile nachukia kwamba aliondoka bila kuiona ikipokelewa.

Kisha mwaka 1986, hapo hapo Detroit, wakaja The Gories: Mick Collins, ambaye ni Mweusi, Dan Kroha, na msichana aitwaye Peggy O'Neill kwenye ngoma. Gitaa mbili na ngoma, besi hamna. Walianza wakiwa hawajui kupiga vizuri, wakajifunza mbele za watu. Baadaye Collins akaunda The Dirtbombs, bendi yenye wapiga ngoma wawili na wapiga besi wawili, na mwaka 2001 wakatoa Ultraglide in Black, ambamo nyimbo za soul za kina Stevie Wonder na Marvin Gaye zinapigwa kwa gitaa linalokwaruza. Kama utasikiliza kitu kimoja tu kabla ya kwenda, sikiliza hiyo. Halafu mtu akikutazama mlangoni kama aliyepotea njia, mwache atazame.

Sasa, kwa nini ukumbi mdogo, wakati kuna viwanja vikubwa na kuna simu mfukoni?

Kwa sababu muziki huu umeumbwa kwa chumba chenye dari fupi. Kwenye uwanja mkubwa utaona skrini. Kwenye klabu ya watu 100 au 150 utamwona mpiga gitaa akibeba amplifaya yake mwenyewe kutoka kwenye gari na kuipandisha jukwaani, jukwaa lenyewe likiwa halizidi goti. Utamwona akibandika sakafuni kwa utepe wa gundi orodha ya nyimbo iliyoandikwa kwa mkono. Mpiga ngoma anakaza ngozi kwa kifunguo kidogo, anagonga mara moja, anasikiliza, anakaza tena. Amplifaya inavuma kabla mtu hajagusa waya. Halafu wanahesabu hadi nne, na mpigo wa kwanza unakugonga kifuani kabla haujafika masikioni. Nyimbo ni fupi, dakika mbili au tatu, na nyingi hazina utangulizi. Waya ukikatika gitaani, wenzake wanaendelea na ngoma peke yake huku yeye anahangaika, na hapo ndipo chumba kizima kinaanza kupiga makofi kumshikilia. Hakuna rekodi inayoweza kukupa hilo.

Wewe uliyekulia Kigoma, na wewe wa Bukavu au Lubumbashi, haya si mageni kwako. Wazazi wetu wanajua dansi la ukumbini: mwanamuziki anaimba akikutazama usoni, na akikugusa unanyanyuka kwenda kumtuza. Nani hajaona noti ikibandikwa kwenye paji la uso la mpiga solo? Hamu ile ile ya kuwa karibu na anayepiga ndiyo utakayoikuta kwenye klabu ya Michigan, ila desturi ya kutuza ni tofauti. Huko hawabandiki hela usoni. Wanakwenda kwenye meza iliyo nyuma ya ukumbi, ambako bendi inauza fulana, kaseti na santuri ndogo zenye wimbo mmoja kila upande. Kununua pale ndiko kutuza kwao. Mara nyingi anayeuza ni mpiga besi mwenyewe, bado anatiririka jasho. Mwambie wimbo uliokupendeza. Maneno hayo mawili atarudi nayo nyumbani.

Wako wanaokwenda kumbi ndogo wakiwinda watakaokuwa mastaa, ili baadaye waseme walikuwepo. Ni kweli The White Stripes walipiga mbele za watu kwa mara ya kwanza Julai 1997 kwenye baa ndogo ya Detroit iliyoitwa Gold Dollar, na mwaka 2003 wakatoa Seven Nation Army, ule ambao mashabiki wa mpira wanauimba viwanjani bila maneno. Lakini usiende kwa hesabu hizo. Bendi nyingi nzuri za gereji hazitoki nje ya mji wao. Wanapiga Ijumaa, Jumatatu wako kazini kama wewe, na baada ya miaka mitatu wamevunjika. Hao ndio wa kuwawahi.

Basi uende vipi. Kwanza umri. Marekani pombe ni kuanzia miaka 21, na kila klabu ina sheria yake ya kuingiza watu: nyingine 21 na kuendelea, nyingine 18, nyingine umri wowote. Angalia kwenye tangazo la onyesho au wapigie simu kabla hujapanda basi, na chukua kitambulisho chenye picha, kile chenyewe, siyo picha yake kwenye simu. Ukiwa na 19 huenda baunsa akakuchora X kubwa mgongoni mwa mkono kwa kalamu nene ili mhudumu asikuuzie pombe. Usione aibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijana wa Washington, D.C., waliifanya X hiyo kuwa alama ya fahari ya wasiokunywa. Na kwa wale wenye dini na msimamo wao: hakuna anayekulazimisha kunywa. Agiza soda au maji, mwachie mhudumu dola moja ya bahshishi, na kinywaji chako usikiache mezani ukaenda kucheza. Kikikutoka machoni, mwaga.

Tangazo likisema milango ni saa moja usiku, bendi ya kwanza itaanza kama saa mbili, na bendi kuu ya usiku huo inaweza kupanda saa nne hadi saa tano. Wewe fika mapema. Bendi ya kwanza ndiyo yenye uhitaji mkubwa wa watu, inapiga mbele ya sakafu tupu huku wengine wakiwa baa wanapiga soga. Simama mbele yao. Nakuomba hili kama dada: usiwe miongoni mwa wanaowapa mgongo vijana wanaopiga mara yao ya kwanza.

Masikio sasa, na hapa sitaki ubishi. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini, inaweka ukomo wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unapungua kwa nusu. Zikifika 100 umebakiwa na dakika 15. Bendi ya gereji kwenye chumba kidogo inafika huko bila kutoka jasho. Nunua vizibo vya masikio, vile vya sponji vinauzwa duka la dawa kwa bei ya chini kabisa, na klabu nyingi wanavyo kaunta ukiuliza. Utausikia muziki vizuri tu, tena maneno yatatoka safi zaidi. Mlio ule unaobaki masikioni baada ya onyesho si kumbukumbu tamu, ni sikio linalalamika. Likizidi kulalamika, mlio unaweza kubaki maisha yako yote, na sitaki kesho ushindwe kumsikia mwanao anayekuita kwa sauti ndogo kwa ajili ya usiku mmoja.

Kusimama: ukiwa mgeni, kaa pembeni kidogo, karibu na ukuta au nguzo, hatua chache kutoka kwenye meza ya fundi mitambo. Pale sauti ndiyo nzuri kuliko kote, kwa sababu yeye anaisawazisha kwa masikio yake mwenyewe. Katikati, mbele kabisa, watu husukumana wimbo ukichanganya. Si ugomvi, mtu akianguka wanamnyanyua mara moja, na wewe ukiwa karibu mnyanyue. Kama hutaki, hatua tatu nyuma zinatosha. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Nywele zako za kusuka zifunge, na begi liwe dogo la kukaa kifuani.

Huenda ukawa Mweusi peke yako ukumbini. Sikufichi, linatokea, na dakika za mwanzo utalisikia mwilini. Nenda na mwenzako kama unaye, au mwombe huyo kijana wa kazini akutambulishe kwa watu wawili watatu kabla hawajaanza kupiga. Wapenzi wa muziki huu wengi wao walikuwa watoto wasio na kundi shuleni, wanajua ugeni ulivyo. Lakini akitokea wa kukushika bila ridhaa yako au kukutolea neno la ubaguzi, usimezee ili uonekane mpole. Mwambie mhudumu wa baa au baunsa, mwonyeshe mtu huyo kwa kidole. Klabu inayojiheshimu inamtoa nje. Isiyomtoa, usirudi tena, na waambie wenzako.

Mama je? Mwambie kweli. Mwambie jina la klabu, mtaa ilipo, unakwenda na nani na utarudi saa ngapi, na urudi saa hiyo. Mzazi aliyewavusha watoto kutoka Uvira hadi Nyarugusu hadi Michigan ana haki ya kuogopa usiku. Usimdharau kwa hilo. Angalia basi la mwisho ni saa ngapi, maana miji mingi ya Marekani mabasi yanakoma mapema, na panga kabla ya kutoka nani atakurudisha. Mlevi asikuendeshe hata kama ni yule mpiga gitaa mwenyewe.

La mwisho ni hela. Kumbi hizi zinaishi kwa uzi mwembamba. Uingereza, shirika la Music Venue Trust lilihesabu kumbi ndogo 125 zilizofungwa au kuacha muziki wa jukwaani mwaka 2023 peke yake. Marekani, wakati wa korona, wenye kumbi waliungana wakaomba msaada, na mwisho wa 2020 bunge likatenga dola bilioni 15 kwa kumbi za muziki, tamthilia, sinema na nyinginezo, la sivyo nyingi zingekuwa maghala leo. Kiingilio cha dola 10 au 15 ndicho kinachogawanywa kati ya bendi tatu, fundi mitambo na kodi ya nyumba. Kwa hiyo huyo mwenzako wa kazini akikwambia ataandika jina lako kwenye orodha ya wageni uingie bure, mshukuru, halafu lipa.