Kompyuta ya Gemu Sebuleni: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kisanduku kidogo cheusi, pedi mbili, waya mmoja hadi kwenye runinga. Kwa macho kinafanana na PlayStation, bei yake mara nyingi iko juu zaidi, na ndani ni kompyuta kamili. Ukamilifu huo ndio sababu pekee ya kukinunua. Kama hauna kazi kwako, usitoe pesa.

USIFANYE HAYA

Usinunue kabla ya kuandika majina ya gemu zitakazochezwa nyumbani kwako. Hili nalisisitiza kuliko mengine yote. Mwaka 2015, Valve, kampuni yenye duka la gemu la mtandaoni liitwalo Steam, pamoja na watengenezaji kama Alienware na Zotac walileta sokoni Steam Machine, kompyuta za sebuleni zenye mfumo endeshi wa SteamOS, ambao msingi wake ni Linux. Gemu nyingi za Windows hazikufunguka humo, wanunuzi wakazikwepa. Agosti 2018 Valve ikatoa Proton, programu inayoendesha gemu za Windows juu ya Linux, na hali ikawa nzuri zaidi kuliko zamani. Novemba 2025 ikatangaza Steam Machine mpya. Hata hivyo Fortnite, Valorant na matoleo ya karibuni ya gemu ya mpira ya EA Sports FC yana programu za kuzuia udanganyifu zisizoikubali Linux. Mzazi anayenunua mashine ya SteamOS ili watoto wacheze FC atakuwa amepoteza pesa zake.

Usinunue mashine isiyoweza kubadilishwa vipuri. Alienware Alpha ya 2014 ilikuruhusu kubadili RAM, diski, hata prosesa, lakini chipu ya grafiki ilichomelewa kwenye ubao. Gemu mpya zikiishinda, basi. Muulize muuzaji kipi kinatoka na kipi hakitoki. Akibabaika, ondoka dukani.

Usilipie nguvu ya 4K kwa runinga ya 1080p.

Usimsikilize anayekutajia RAM na ukubwa wa diski tu. Kwenye gemu, kadi ya grafiki ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Akikuficha jina la kadi hiyo, jua kuna jambo.

FANYA HAYA

Piga hesabu ya miaka mitatu au minne, si ya siku ya kununua peke yake. Kwenye PlayStation, gemu nyingi za kununua huwezi kuzicheza na wenzako mtandaoni bila kulipia PS Plus. Kwenye kompyuta, Steam haikutozi ada hiyo, na bei za gemu hushushwa mara kwa mara. Tena mtoto ataandikia kazi za shule kwenye mashine hiyohiyo.

Igeuze mashine utazame mgongoni. Baadhi ya pawa saplai zina swichi ndogo, mara nyingi nyekundu, iliyoandikwa 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani ikiwa bado iko 115, ukiichomeka kwenye umeme wetu itaungua hapohapo. Kisha tafuta matundu ya HDMI. Kwenye boksi lililosimama huenda ukakuta moja juu, la ubao mkuu, na mengine chini, ya kadi ya grafiki. Waya uende kwenye kadi. Wengi huchomeka la juu: ama picha haiji kabisa, ama gemu zinakwamakwama, nao wanailaumu mashine ilhali kadi waliyoigharimia haifanyi kazi yoyote.

Washa Game Mode kwenye runinga, maana bila hiyo ukibonyeza kitufe mchezaji wako anachelewa kupiga mpira.

Kabla ya kulipa, fungua gemu nzito, iendeshe nusu saa, ukae mbali nayo kama ukaavyo kwenye kochi. Feni ikikukera dukani penye kelele, usiku nyumbani hutaivumilia. Ukishainunua, isikae ndani ya kabati lililofungwa, na vumbi litolewe.

Nyumba inayotaka mpira na gemu chache za watoto inunue konsoli. Kompyuta ya sebuleni inamfaa mwenye gemu zake kwenye Steam tayari, ambaye pia ataitumia kwa kazi nyingine na ana fundi wa kuifungua. Asiye na hayo asiinunue.