Almasi ya Maabara Katika Upimaji wa Mionzi ya Tiba

Kabla mgonjwa wa saratani hajaelekezewa mionzi, mashine itakayomtibu hupimwa kwanza. Mtaalamu wa fizikia ya tiba hutumbukiza kipima mionzi ndani ya tangi la maji, kwa kuwa maji hunyonya mionzi karibu sawa na nyama ya mwili, kisha husoma kiasi kinachofika katika kila kina. Mwale ukiwa mpana, kazi hii haina utata mkubwa. Utata huanza pale mwale unapobanwa ukawa wa milimita chache, kama inavyofanyika katika kutibu uvimbe mdogo ndani ya ubongo.

Madhara ya kosa katika hatua hiyo yalionekana mjini Toulouse, Ufaransa. Kati ya Aprili 2006 na Aprili 2007, wagonjwa 145 walipewa mionzi kupita kiasi kwa sababu chemba iliyotumika kupima miale myembamba ilikuwa kubwa mno. Chemba ikiwa pana kuliko mwale, sehemu yake hubaki nje ya mionzi; usomaji huwa wastani wa penye mionzi na pasipo na mionzi. Mashine huonekana dhaifu kuliko ilivyo, na hesabu ya matibabu huiamuru itoe zaidi. Hakuna kengele inayolia.

Hapo ndipo almasi inapofaa. Almasi ni kaboni tupu, na namba ya atomi ya kaboni ni 6, karibu na wastani wa nyama ya mwili; ile ya silikoni, inayotumika katika vipima vingine vidogo, ni 14. Mionzi inapoipiga almasi, huzing'oa elektroni kutoka mahali pake, na mkondo mdogo wa umeme unaotokea huonyesha kiasi cha mionzi.

Almasi za ardhini, kama zile za Mwadui, ni nzuri kwa pete kuliko kwa vipimo: kila moja ina uchafu wake, hasa naitrojeni, hivyo hakuna mbili zinazojibu sawasawa. Katika maabara, gesi za methani na haidrojeni hupashwa moto hadi kuwa plazma, na atomi za kaboni hutua tabaka juu ya tabaka. Aina moja inayotumika sana hospitalini ina tabaka pimaji lenye unene wa mikromita 1 tu na nusu kipenyo cha milimita 1.1, ujazo wake ni milimita za ujazo 0.004. Haihitaji hata volti kutoka nje, jambo ambalo vipima vya almasi asilia havikuweza.

Hata hivyo, si kifaa kisicho na dosari. Uzito wa almasi kwa ujazo ni takribani mara 3.5 ya maji, na katika miale myembamba kabisa husoma juu kidogo ya ukweli. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki wa mwaka 2017 umetoa vizidishi vya kusahihisha tofauti hiyo, kulingana na aina ya kipima na upana wa mwale. Pia, kabla ya vipimo vya siku, almasi hiyo humulikwa kwanza kwa grei kadhaa ili usomaji wake utulie.